Kitabu Hiki Nikiweke Rafu Gani?

Vitabu vingi havisumbui. Riwaya unaijua ni riwaya, diwani unaijua kwa umbo lake tu ukiifungua, unabandika lebo mgongoni, unaendelea na chai. Mwongozo huu ni wa kile kimoja kinachobaki juu ya meza jioni, wenzake wote wakiwa wameshapata mahali. Umekipekua mara tatu, na kila rafu unayokipeleka unajisikia kama unambwagia mtu mgeni ambaye hakumwalika.

Nawaandikia wenye rafu: mkutubi wa maktaba ya mji mdogo kama mimi, mwalimu wa Kiswahili aliyekabidhiwa ufunguo wa chumba cha vitabu bila kuulizwa, muuza vitabu anayetandaza turubai pembeni mwa barabara. Na waandishi pia, maana siku hizi fomu ya mchapishaji ina kisanduku cha utanzu, yaani aina ya maandishi, na wengi hukwama papo hapo.

Zamani nilikuwa naanza na swali "hiki kitabu ni nini?" na mchana wote ulikuwa unaishia hapo. Nimeliacha. Ninalouliza sasa ni hili: nikikiita hivi, nani atarudi kunilalamikia, na atalalamika nini? Ukikiita kitabu riwaya umeshamwahidi msomaji kitu kabla hajafungua ukurasa wa kwanza, na dalili zote zilizoko hapa chini ni za ahadi iliyovunjika mahali fulani.

Kwanza hakikisha kitabu kina shida kweli

Mara nyingi mwenye shida ni sisi, tumesoma jalada tu. Soma dibaji yote. Soma kurasa kumi za mwanzo, kumi za katikati na tano za mwisho. Tazama ukurasa wa hakimiliki, maana baadhi ya wachapishaji huandika pale namba ya uainishaji au hata neno moja tu, "tamthilia", ambalo jalada limelificha. Halafu angalia toleo: kuna vitabu vilivyochapwa mara ya kwanza na dibaji ndefu ya mwandishi, vikaja kuchapwa upya bila hiyo dibaji, na pamoja nayo ukapotea ufunguo wote.

Kama baada ya hapo bado hujui pa kukiweka, endelea.

Dalili: kinaazimwa sana, kinarudi kesho yake

Karatasi ya tarehe iliyobandikwa ndani ya jalada la nyuma haijui kusema uongo. Ukiona mihuri mingi iliyokaribiana, tarehe 4, tarehe 5, tarehe 11, tarehe 12, ujue watu wanakichukua kwa hamu na wanakirudisha kwa hasira.

Kwangu kitabu hicho kilikuwa *Nagona* cha Euphrase Kezilahabi. Maktaba yetu iko kanda ya Ziwa, na yeye alizaliwa Ukerewe, kwa hiyo jina lake hapa halihitaji tangazo. Asubuhi moja akaja kijana wa kidato cha tano, amekishika kwa vidole viwili kama kitu kilicholowa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, hiki kitabu kimeng'olewa kurasa."

Nikashtuka, maana nakala ilikuwa moja tu. Tukakaa kwenye benchi tukahesabu pamoja, ukurasa kwa ukurasa. Kitabu chenyewe ni chembamba, kurasa hazifiki mia, tukamaliza mara moja. Zote zilikuwepo. Kijana akanitazama, akatazama kitabu, akasema pole pole, "Basi mbona hakiendelei?"

Swali hilo limenifundisha kazi yangu kuliko semina nyingi. Alikuwa amesoma lebo ya mgongoni: RIWAYA. Neno hilo kwa msomaji wa shule lina ahadi zake: kuna mtu mwenye jina, ana nyumbani, anapatwa na jambo, jambo linazaa jambo, mwisho tunajua yaliyompata. *Nagona*, kilichotoka mwaka 1990, hakitoi hata moja kati ya hizo kwa ukamilifu. Msimulizi ni "mimi" tu. Anasafiri na kutafuta, anakutana na watu wanaomjibu kwa mafumbo, mahali panageuka bila taarifa, mpaka kwenye ngoma iitwayo Ngoma Kuu. Mtu aliyeahidiwa riwaya ya kawaida ataona pengo kati ya sura na sura, na pengo lile akili yake italieleza kwa njia iliyo karibu: kurasa zimechanwa.

Chanzo kingine, na hiki tunakisababisha wenyewe, ni kupanga kwa jina la mwandishi. Kezilahabi huyo huyo ndiye aliyeandika *Rosa Mistika* mwaka 1971 na *Kichwamaji* mwaka 1974, riwaya ambazo mtu anaweza kukusimulia zote akiwa kwenye daladala. Msomaji amemaliza *Rosa Mistika* amelia, anarudi rafuni, jirani yake ni *Nagona*. Unategemea nini?

Kipimo ninachotumia ni cha sentensi tatu. Mwombe mtu aliyekisoma akisimulie kwa sentensi tatu. Akianza "kuna msichana mmoja alikuwa...", hiyo ni hadithi na shida yako iko kwingine. Akianza kusema picha na maswali, "ni kama mtu anatafuta kitu, ila hujui ni ukweli au ni nini, halafu kuna mahali pana kimya", basi kitabu hakijengwi na matukio, na lebo yako lazima iseme hivyo.

Nilijaribu kukihamisha. Kwenye ushairi? Lugha yake ina mapigo ya shairi, na wahakiki wamelisema hilo sana. Lakini anayekuja kwenye rafu ya ushairi anatafuta beti, akariri, akapambe sherehe. Atalalamika zaidi ya yule kijana. Kwenye falsafa, namba 100 za Dewey, ule mfumo wa namba tunaopangia vitabu maktabani? Mwandishi alikuwa mtu wa falsafa kweli, hata tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1985 pale Wisconsin ilihusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Lakini anayekuja kwenye falsafa anataka hoja ya kwanza, hoja ya pili, hitimisho. Naye atalalamika.

Kwa hiyo nikakirudisha kwenye riwaya, mahali ambapo malalamiko yake ni machache na yanatibika. Dawa ilikuwa vitu viwili. Kwanza nikakitenga na ndugu zake wa miaka ya sabini, nikakiweka pamoja na *Mzingile* cha mwandishi huyo huyo, maana hivyo viwili husomwa kama pacha, chini ya kibao kidogo: "Riwaya za kifalsafa na za majaribio". Pili, nikaandika kadi. Nitaieleza mwishoni.

Kuna watakaokushauri ukiite novela kwa sababu ni kifupi. Si kosa, ila haisaidii. Novela inamwambia msomaji atamaliza lini. Haimwambii asomeje.

Dalili: wasomaji wanagombana kama ni kweli au kimetungwa

Hapa wengi hupima kwa matukio: yalitokea au hayakutokea? Kipimo hicho kitakuvunja moyo, kwa sababu riwaya nzuri imejaa mambo yaliyotokea, na historia nzuri inasimuliwa kama hadithi. Pima kiapo. Mwandishi ameapa kusema kweli, au ameomba ruhusa ya kubuni? Karibu kila mara jibu liko kwenye dibaji, na ndiyo maana nimesisitiza isomwe.

Chukua *Uhuru wa Watumwa* cha James Mbotela, cha mwaka 1934. Kinasimulia biashara ya utumwa na maisha ya watumwa waliokombolewa wakakaa Freretown, Mombasa, jamii ambayo mwandishi mwenyewe ni mzaliwa wake. Wanahistoria wa fasihi wengi hukitaja wanapotafuta riwaya ya kwanza ya Kiswahili, kwa sababu kinasimuliwa kwa mtindo wa hadithi, kikakaa vizuri masikioni. Wengine wanasema hapana, ile ni historia, ingawa haina tanbihi. Mimi niko upande wa hao wa pili, kwa sababu ya kiapo: kitabu kinataka usadiki kwamba watu hawa walikuwepo na haya yaliwapata. Ukikiweka kwenye riwaya, mjukuu wa watu wale akikikuta atahisi umeuita uongo mkasa wa babu zake. Ukikiweka kwenye historia ya Kenya, namba 967.62, mwanafunzi wa fasihi atakikosa kwa dakika tano kisha atakipata kupitia kadi ya rejea, inayomwelekeza rafu kilipo. Malalamiko hayo mawili hayalingani uzito.

Upande wa pili wa sarafu hiyo ni *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, ya mwaka 1969. Mada yake ni Vita vya Maji Maji, vya mwaka 1905 hadi 1907, na Kinjeketile Ngwale alikuwa mtu kweli. Lakini mwandishi mwenyewe ameeleza katika utangulizi kwamba Kinjeketile wa kwenye tamthilia ni kiumbe cha sanaa, asichukuliwe kuwa ndiye yule wa historia. Ameomba ruhusa ya kubuni, waziwazi. Mahali pake ni tamthilia, hapana mjadala, na bado nimewahi kukikuta kwenye rafu ya historia ya shule moja. Matokeo yake mwalimu wa somo alikuwa anasahihisha insha za Maji Maji zenye maneno ya jukwaani ndani yake, na mwanafunzi anaapa ameyatoa "kwenye kitabu cha historia". Alikuwa sahihi. Alikitoa pale tulipokiweka watu wazima.

Kwa waandishi walio hai kuna hatari ya ziada. Nilipokuwa mhariri katika nyumba moja ya uchapishaji tulipokea mswada wa mama mmoja aliyeandika ndoa yake kwa kubadili majina yote, likiwemo lake. Ilikuwa riwaya, na mkataba ulisema riwaya. Watu wa mauzo wakaona maneno "kisa cha kweli" yatauza zaidi, wakayapachika juu ya jalada bila kumuuliza. Kitabu hakijafikisha mwezi sokoni, mawifi wakawa wameshajitambua mmoja mmoja, na kikao cha familia kikaitwa. Majina yaliyobadilishwa hayakumkinga, kwa sababu jalada lilikuwa limeshaapa kwa niaba yake. Kwa hiyo kanuni yangu ni nyembamba: jina la mwandishi juu ya jalada likiwa ndilo jina la anayesema "mimi" ndani, na akisimama nalo, ni tawasifu. Akilibadilisha, ni riwaya, hata kama mtaa mzima unajua anamsema nani. Na maneno ya kuuzia yasikusogeze rafu hata inchi moja.

Dalili: nathari na ushairi vimekaa nyumba moja

Kwetu hili ni la kawaida kuliko kwingine, na wala si kasoro. Mswahili hakuanza juzi kukatiza maelezo yake akaingiza beti. Shida ni ya rafu tu, yenye kutaka kimoja.

Shaaban Robert ameandika maisha yake katika *Maisha Yangu*, na humo humo akaweka tenzi mbili ndefu, *Utenzi wa Hati* kwa binti yake na *Utenzi wa Adili* kwa mwanawe wa kiume. Zimejulikana zenyewe kiasi kwamba mtu anaweza kuingia maktaba akaomba "utenzi wa baba kumuusia binti" asijue kama uko ndani ya kitabu cha maisha ya mtu.

Kipimo changu hapa ni cha mkasi, wa kichwani tu tafadhali. Kata mashairi yote uyatoe. Kilichobaki kinasimama? Rudisha, sasa kata nathari yote. Kilichobaki kinasimama? Kwa *Maisha Yangu*, ukitoa tenzi utabaki na maisha ya mtu, yamepungukiwa na moyo lakini yanatembea. Ukitoa nathari utabaki na tenzi mbili nzuri zisizo na kitabu. Basi ni tawasifu, na tenzi zinapata kadi yake kwenye ushairi. Ukikuta vyote viwili vinasimama vikiwa vimetengana, pengine umeshika vitabu viwili vilivyofungwa jalada moja, na hilo nalo hutokea. Ukikuta hakuna kinachosimama bila mwenzake, angalia ni kipi kinaanza na kipi kinamaliza, ufuate kinachomaliza. Sina sababu ya kitaalamu kwa hilo la mwisho. Nimeona tu kwamba msomaji hukikumbuka kitabu kwa namna kilivyomwacha.

Tamthilia zilizoandikwa kwa lugha ya shairi zina jibu rahisi. Mfumo wa Dewey, ambao umekuwepo tangu mwaka 1876 na umeshapigana vita hivi vyote, unasema drama ya kishairi ni drama. Na utenzi unaosimulia kisa kirefu, una wahusika na vita na kila kitu, unabaki ushairi. Kwa Kiswahili maana yake ni hivi: fasihi yetu iko 896.392, kisha unaongeza tarakimu moja nyuma yake, 1 kwa ushairi, 2 kwa tamthilia, 3 kwa hadithi za kubuni. Utenzi wa vita vya kale ni 896.3921, hata ukisomeka kama riwaya.

Kuna utenzi mmoja ulionipa kazi kwa sababu nyingine kabisa. *Utendi wa Mwana Kupona*, wa mwaka 1858, ni wasia wa mama mgonjwa kwa binti yake: dini, adabu, namna ya kuishi na mume. Wanafunzi wa chuo huutafuta kwenye tendi. Akina mama wenye harusi ya binti wiki ijayo huutafuta kwenye malezi na ndoa, na hawana muda wa kuzungushwa. Namba yake ni ya ushairi na itabaki hivyo. Ila nimejifunza kuwa na nakala ya pili, ya bei ndogo, kwenye rafu ya ndoa, na hiyo ndiyo iliyochakaa.

Dalili: jina linasema hivi, tumbo linasema vile

Hii ni nyepesi. *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla, cha mwaka 1960, nimekikuta mara mbili kwenye mila na desturi, karibu na vitabu vya matambiko. Ni riwaya ya upelelezi. Bwana Msa na kiko chake wanamtafuta muuaji. Aliyepanga alisoma jina akaenda zake. Dawa: fungua kitabu.

Dalili: kina mambo yasiyowezekana, kwa hiyo kimepelekwa kwa watoto

Kwenye maktaba za shule chochote chenye watu waliogeuzwa wanyama au nchi iliyo angani hupelekwa rafu ya watoto, ndiyo maana *Kusadikika* na *Adili na Nduguze* vya Shaaban Robert nimevikuta kati ya vitabu vya picha. *Kusadikika*, kilichotoka mwaka 1951, wakati wa mkoloni, kina mshitakiwa anayejitetea barazani mbele ya mfalme kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria. Nchi yenyewe kuwa angani ni kificho cha mwandishi.

Mtoto hatakuja kulalamika, ndiyo hatari ya kosa hili. Atakiacha tu, na mtu mzima ambaye kingemfaa hatainama kwenye rafu ya chini kukitafuta. Pima kwa kumsomea mtoto wa miaka minane kurasa mbili za katikati, si za mwanzo. Akiuliza "halafu?", kiache. Akiuliza saa ya kwenda nyumbani, kihamishe.

Dalili: wenye utanzu wao wamekikataa

Mwaka 1974 ilitoka diwani ya *Kichomi*, ya Kezilahabi huyo huyo (namsumbua leo marehemu), yenye mashairi yasiyofuata vina na mizani. Ukazuka ubishi mkubwa baina ya wanamapokeo na wanamabadiliko: haya ni mashairi au ni insha zilizokatwa mistari? Leo hakuna mkutubi anayeuliza diwani ya mashairi huru aiweke wapi.

Ukipata kitabu cha namna hiyo, ambacho wajuzi wa utanzu wanakifukuza, kiweke kule kule kinakofukuzwa. Ugomvi wenyewe ni ushahidi kwamba kiko karibu na mlango. Hakuna mtu anayepiga kelele kwamba kitabu cha mapishi si shairi.

Dalili: fomu haina kisanduku chako

Sasa waandishi. Umemaliza mswada, una babu aliyekufa anayesimulia, una barua, una mapishi ya bibi, una historia ya reli. Fomu inakuuliza utanzu. Unaandika: "Kitabu changu hakina utanzu." Nakuomba usifanye hivyo. Mhariri anausoma mstari huo mara nyingi kuliko unavyodhani, na anachoelewa ni kwamba hujui unamwandikia nani.

Jaribu hivi. Fikiria duka la vitabu lenye nafasi ya kitabu kimoja tu, kati ya viwili vilivyokwishapangwa. Ungetaka vya kushoto na kulia kwako viwe vipi? Si vile unavyovipenda. Vile ambavyo msomaji wake, akivimaliza, angefurahi kukukuta wewe. Majirani wako wakiwa riwaya, andika riwaya, kisha kwenye maelezo mafupi ongeza sentensi moja inayosema ugeni wake: "Riwaya inayosimuliwa na marehemu kwa njia ya barua na mapishi." Neno la kwanza linafungua mlango, zilizobaki zinamwandaa mgeni. Ukianza na ugeni, mlango haufunguki.

Kwenye tovuti za kuuza vitabu mambo ni magumu zaidi kwa sababu orodha zao zimetungwa mbali. Wamarekani wana mfumo wao wa BISAC, na tangu mwaka 2013 kuna Thema, ulioundwa ili utumike na nchi nyingi. Yote miwili ina vijisanduku vya kila aina ya mapenzi na mauaji, lakini usitegemee kukuta ngonjera. Kwa kawaida utaruhusiwa zaidi ya kimoja. Tumia cha kwanza kwa umbo, kwamba ni hadithi ya kubuni au si ya kubuni, na cha pili kwa jambo linalozungumzwa. Kosa ninaloliona sana ni mtu kujaza "Afrika" kila mahali na kuishia hapo. Afrika ni mahali. Msomaji wa Nairobi anayetafuta upelelezi hatakuja kutafuta huko, yeye yuko Afrika tayari.

Na usibuni jina jipya la utanzu ukaliweka kwenye jalada. Ukishafaulu, wahakiki watakubunia bure.

Ukishindwa kabisa

Dewey ameacha mlango wa uani. Baada ya ushairi, tamthilia, hadithi, insha, hotuba na barua, kuna tarakimu 8, ya maandishi mchanganyiko, na humo mna nafasi hata ya kazi zisizotambulikana umbo. Maktaba kubwa ya chuo inaweza kuutumia bila madhara, maana wasomaji wake wanatafuta kwa kompyuta. Kwenye maktaba ndogo, watu wanatafuta kwa macho na vidole, na rafu ya mchanganyiko ni kaburi. Nilikuwa nayo kwa mwaka mmoja. Vitabu kumi na viwili viliingia, na vumbi lake lilikuwa moja.

Badala yake, chagua rafu yenye malalamiko madogo, kisha fidia kwa kadi za rejea kwenye zile rafu nyingine: kipande cha boksi la biskuti kinatosha, kikatwe ukubwa wa kitabu, kisimame kati ya vitabu, kiandikwe "Unatafuta hiki? Kiko kule." Kitabu kinakaa mahali pamoja, lakini kinaweza kuitwa kutoka mahali patatu. Weka tarehe nyuma ya kadi. Baada ya miezi sita uangalie mihuri ya kitabu, na kama watu bado wanakirudisha kesho yake, hamisha tena bila aibu. Lebo hushikwa na gundi tu.

Na ile kadi ya *Nagona*. Niliandika ya kwanza ikawa ndefu, na maneno kama "udhanaishi" ndani yake, hakuna aliyeisoma. Ya pili nikaibandika ndani ya jalada, mkabala na ukurasa wa kwanza, kwa kalamu nyeusi ya wino mzito: "Hiki hakisimulii kisa moja kwa moja. Kisome kama unavyosikiliza ndoto ya mtu. Kurasa zote zipo."

Siku hizi kati ya muhuri na muhuri hupita wiki, mara nyingine mbili. Na chini ya maandishi yangu mtu ameongeza kwa penseli, mwandiko mdogo wa kulalia kushoto: "Kweli. Nimehesabu."